Sura ya Sita: Hodi Katikati ya Hesabu

Kufikia Jumatatu asubuhi watu wanne walikuwa wameshaingia ofisini kwa Milo Brandvold kukiri makosa, na hakuna hata mmoja aliyekiri kosa lenyewe. Mchungaji alikiri kwamba aliirefusha sala ya ufunguzi makusudi, ili wajumbe wa kaskazini waliokwama kwenye theluji wapate nafasi ya kufika. Mwalimu mstaafu alikiri kwamba alisimama upande wa waasi ilhali alikuwa amemwahidi marehemu kura yake, tena kwa kushikana mikono. Muuza mbegu alisema aliliona koti la marehemu juu ya kiti, akaona kiti hakina mtu, akajisemea hayamhusu. Wa nne, mama mmoja wa kwaya, alilia tu, akapenga kamasi, akaondoka bila kusema kosa lake ni lipi. Mji mzima wa Halden ulikuwa unasutwa na nafsi, na mpelelezi mmoja hawezi kuutia mbaroni mji mzima.

Lililokuwa wazi ni hili. Mzee Orville Thoreson, mwenyekiti wa chama cha Republican katika wilaya ya Sorum tangu Milo akiwa mwanafunzi, alikutwa Jumamosi mchana amekufa nje ya mlango wa jikoni wa ukumbi wa maveterani. Alikuwa amevaa sweta tu. Ndani ya ukumbi, hatua chache kutoka pale alipolala, wanachama wenzake walikuwa wanapiga kura kuamua kama abaki mwenyekiti au aondoke. Waliomtaka aondoke walijiita Walinzi wa Katiba, na wenzao waliwaita waasi. Walikuwa wanamlaumu mzee kwa kula sahani moja na wapinzani kule bungeni, kwa kupandisha kodi za ardhi, na kwa mengine mengi ambayo mtu akiyasikiliza kwa makini alisikia jambo moja tu: tumechoka kuamrishwa na watu walewale.

Wilaya ya Sorum hupiga kura kwa kusimama. Wanaotaka hiki wanasimama ukuta wa bendera, wanaotaka kile wanasimama ukuta wa jikoni, na watu wawili wanapita wakihesabu vichwa. Kiti cha mwenyekiti kikipigiwa kura, mwenyekiti mwenyewe humkabidhi makamu nyundo na kukaa pembeni kwa adabu. Na wakati wa hesabu milango yote hufungwa kwa ufunguo. Hakuna kuingia wala kutoka, na mlango ukifunguliwa kabla ya matokeo kutangazwa, hesabu imevunjika, inaanza upya. Kanuni hiyo aliitunga Orville mwenyewe baada ya waasi kuingia mkutanoni siku moja katikati ya hesabu na pikapu mbili zimejaa watu. Aliipenda kanuni yake ile kuliko hata wajukuu, walisema watani wake.

Sherifu Gaylen Hauck aliingia na kikombe cha kahawa, akaketi kwenye kona ya meza ya Milo bila kukaribishwa.

"Umemaliza kumhoji Darrel?"

"Bado."

"Milo, mlango wa jikoni alikuwa anaulinda yeye. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake. Mzee anabisha nje, yeye yuko ndani, hafungui. Unangoja nini tena, malaika ashuke atoe ushahidi?"

"Nangoja kujua kwa nini."

"Kwa sababu ni mwasi! Mwendesha mashtaka anafika leo mchana. Nampa jina moja, na jina ni Darrel Wentz." Hauck alipiga funda la kahawa. "Mzee Orville ndiye aliyenishika mkono kwenye uchaguzi wangu wa kwanza. Sitaki longolongo."

Milo alikuwa na lake moyoni tangu Jumamosi. Asubuhi ile ya mkutano, Hauck alikuwa amempigia simu akamwambia aende akaweke kizuizi kwenye barabara ya kaskazini, theluji imezidi. Milo akaenda. Theluji ilikuwepo, ndiyo, lakini lori la maziwa lilipita mbele yake bila hata kuteleza. Kisha likaja gari dogo la abiria lenye wajumbe tisa, wote Walinzi wa Katiba, wanawahi mkutano. Milo akawageuza. Alijiambia ni tahadhari, na alijua wakati huohuo kwamba anajidanganya. Hakumwambia mtu.

Darrel Wentz alikuwa ameketi kwenye kitanda cha mahabusu, mikono mikubwa ya mchomelea vyuma imening'inia katikati ya magoti. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, na staftahi yake hakuigusa.

"Nilifunga mimi," alisema kabla hajaulizwa. "Sikufungua. Andika."

"Ulijua ni nani anayebisha?"

"Nilidhani ni gari letu la kaskazini."

"Wapiga kura wenu tisa."

"Ndiyo."

"Wako nje, wanabisha, wanakuja kuwapigia kura ninyi. Na wewe hukuwafungulia?"

Darrel alitazama viganja vyake. "Kanuni."

"Tangu lini ninyi mkaipenda kanuni ya Orville? Mwaka jana mlitaka kuichoma moto kwenye maegesho."

"Andika tu, Milo. Usinizungushe."

"Nani alikwambia usifungue?"

"Hakuna."

"Hakuna mtu?"

"Nimesema hakuna. Ufunguo ulikuwa wangu, na kosa ni langu. Mnifunge yaishe."

Milo aliwahi kuona watu wengi wakikana walilofanya. Huyu alikuwa analikumbatia kosa kama mtu anayeogopa asije akanyang'anywa.

Nyumba ya Ardis Thoreson ilikuwa imejaa vyakula, kama desturi ya msibani. Juu ya meza, juu ya friji na hata juu ya mashine ya kufulia kulikuwa na masinia ya nyama na viazi vya kuoka, na sufuria kubwa ya supu ya knoephla, yenye viazi na madonge ya unga, ambayo hakuna aliyeigusa. Mjane alimfungulia Milo mwenyewe, akamketisha, akamkatia kipande cha keki bila kumuuliza.

"Kula, mwanangu. Kisha unikamate."

"Kwa kosa gani, mama?"

"Mimi ndiye niliyemwambia Darrel asifungue." Alisema hivyo wima, akimtazama machoni. "Nilikuwa jikoni, napanga vikombe. Nikaona mlango unatikisika. Darrel akaniinamia hapa sikioni, akaniambia kuna watu wanabisha. Nikamwambia hao ni wenzako wa kaskazini, wamechelewa, na mlango haufunguliwi, kanuni ni ya wote. Nilifurahi, Milo. Nilisimama pale nafurahi kwamba wanapigwa na baridi."

"Hukujua kwamba mzee ametoka."

"Nilidhani yuko chini kwenye choo. Alikuwa na aibu ya kukaa akitazama watu wanaamua habari zake. Kumbe alikuwa ametoka kabla milango haijafungwa, kuchungulia barabara, aone kama lile gari linakuja. Nilimjua mume wangu. Alitaka kuhakikisha kwamba wameshindwa kufika." Alifuta meza iliyokuwa safi tayari. "Mlango wa mbele nao ulikuwa umefungwa. Koti kwenye kiti, funguo za gari ndani ya koti, simu ndani ya koti. Ukumbi ule hauna jirani. Moyo wake ulikuwa na waya mbili za kuzibua mishipa, daktari alimkataza hata kuzoa theluji."

"Ukamwambia Darrel asifungue. Darrel akakutii wewe? Wewe ni wa upande wa pili."

"Ah, hakunitii. Alinipuuza kabisa, akapaza sauti akamwuliza Renata, kiongozi wao waliyetaka kumpa kiti, kule ukumbini. Ndipo waasi wote wakageuka, midomo wazi, 'Fungua! Fungua!', wanapunga mikono. Na Renata Feist akainua mkono wake hivi." Ardis aliinua kiganja. "Akawanyamazisha. Niliambiwa baadaye maneno yake: kanuni ni kanuni, hata ikituumiza. Kwa mara ya kwanza nikamheshimu yule mwanamke. Upande wetu wote tukampigia makofi."

Milo aliweka uma chini. "Hakuna aliyenieleza hilo."

"Nani atakueleza kwamba alipiga makofi?" Sauti ya Ardis ilipasuka kidogo, akaikaza. "Hesabu ikatoka. Wametushinda kwa kichwa kimoja. Unajua nilifanya nini? Nilinyoosha mkono nikaomba ihesabiwe upya. Mlango ukabaki umefungwa mpaka walipomaliza hesabu ya pili. Kwa hiyo usinitafutie Darrel, mimi nipo hapa."

"Mama, ulidhani ni gari."

"Nilidhani ni gari. Sasa hilo linapunguza nini?"

Milo alipoinuka, mjane alimfuata mpaka mlangoni.

"Renata amekuwa mwema kwangu, na nataka uliandike. Alikuwa wa kwanza kufika Jumamosi. Aliosha vyombo vyote. Jana akaenda nyumba ya mazishi, akamkata mzee nywele na kumchana yeye mwenyewe, akakataa malipo. Alilia kunishinda mimi. Mtu uliyekuwa unashindana naye, umlilie hivyo?"

Ndani ya pikapu Milo hakuwasha injini. Aliyapanga aliyosikia. Walinzi wa Katiba walikuwa hawajapata kuheshimu kanuni ya Orville hata siku moja. Wapiga kura wao tisa wanabisha. Wakifunguliwa, hesabu inaanza upya na waasi wanashinda kwa kura kumi badala ya moja. Mtu yeyote wa upande ule angefungua mlango kwa meno. Darrel alitaka kufungua, na ukumbi mzima wa waasi ulitaka. Aliyekataa ni kiongozi wao peke yake, na wakongwe wa upande wa Orville wakadhani ni uungwana.

Alikataa kwa sababu alijua kwamba si gari.

Alijuaje? Hapo Milo alihisi damu ikimpanda usoni, maana jibu alikuwa nalo yeye, na alikuwa amelificha kwa siku mbili. Mwanamke aliyeongoza wale tisa, Opal Keller, alimtukana pale kizuizini, kisha akatoa simu dirisha likiwa wazi, akasema kwa hasira, "Renata, polisi wametugeuza, tunarudi nyumbani." Milo alikuwa amesimama karibu kiasi cha kuusikia moshi wa sigara yake. Ushahidi pekee wa kumnasua Darrel ulikuwa ni aibu yake mwenyewe.

Saluni ya Renata Feist ilikuwa chini ya nyumba yake, vyumba viwili vinavyonukia shampuu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kufika nyuma ya ukumbi bila kipaza sauti, na kaskazini kote mwa mkoa hapakuwa na kichwa ambacho hakijapita mikononi mwake. Hakuwa na mteja. Alimtazama Milo juu mpaka chini.

"Kaa kitini. Kichwa gani hicho, kama shamba lililosahauliwa?"

"Sikuja kunyoa."

"Mikono yangu haiwezi kukaa bure leo. Kaa, uulize huku nakata."

Milo aliketi. Alifungwa kitambaa shingoni, na mkasi ukaanza kulia karibu na sikio la kushoto.

"Hongera kwa uenyekiti," alisema.

"Usinikejeli."

"Watu wanakusifu. Wanasema uliheshimu kanuni ya adui yako."

"Watu wanasema mengi."

"Opal alikupigia simu kabla ya milango kufungwa, au baada?"

Mkasi uliendelea. "Opal hunipigia kila siku. Huwa simsikilizi."

"Siku hiyo alikwambia wamegeuzwa, wanarudi nyumbani."

"Amekwambia yeye?"

"Nilimsikia. Nilikuwa nimesimama nje ya dirisha lake."

Mkasi ulinyamaza. Kwenye kioo Milo alimwona Renata akiutazama utosi wake, si uso.

"Kumbe ni wewe uliyeweka kile kizuizi."

"Ni mimi."

"Barabara ilikuwa inapitika, Milo."

"Ilikuwa inapitika."

"Hauck alikutuma?"

"Alinituma. Lakini kizuizi nilikiburuta kwa mikono yangu. Na nitalisema hilo mbele ya mwendesha mashtaka leo."

"Utamwaga unga."

"Nitamwaga, ndiyo. Sasa niambie wewe. Gari lilikuwa limerudi. Mlango unabishwa. Ulidhani ni nani?"

Renata aliuweka mkasi kwenye rafu taratibu, akavuta kigoda cha magurudumu, akaketi nyuma yake. Waliendelea kuongea kupitia kioo.

"Niliona koti lake kitini," alisema. "Wengine waliliona pia, lakini wao hawakuwa na habari za gari. Mimi nilikuwa nazo. Kwa hiyo nilijua. Hapana, nilikuwa na nafasi ya kusema sijui, nikaichukua. Ni tofauti, sivyo? Niambie ni tofauti."

Milo alipangusa nywele zilizomwangukia mapajani.

"Hujui walivyotutenda," alisema Renata, sauti ikipanda. "Walituzimia vipaza sauti. Walihamisha mikutano bila kutuambia. Mara moja walimaliza ajenda nzima sisi tukiwa bado tunatafuta pa kuegesha. Na siku hiyo niliona kwa macho yangu vichwa vinahesabika, tumewashinda kwa kimoja. Mlango ukifunguliwa, tunaanza upya, na safari hii Orville amesimama pale na sweta lake, anawatazama watu wangu mmoja mmoja. Nusu yao aliwahi kuwaazima trekta. Wangerudi kwake, wawili watatu, wangerudi. Nikasema acha abishe kidogo. Atakasirika, atazunguka mlango wa mbele, atatutukana tukimaliza. Basi. Nilimfikiria akiwa na hasira, Milo. Sikumfikiria akiwa na baridi."

"Halafu Ardis akaomba hesabu irudiwe."

"Halafu Ardis akaomba hesabu irudiwe." Renata alijishika mdomo. "Hapo ndipo ningesema. Lakini nilikuwa nimeshasimama mbele ya watu nikasema kanuni ni kanuni, na wakongwe wamenipigia makofi. Unajua lini mara ya mwisho waliwahi kunipigia makofi wale? Ningerudije nyuma?"

"Ukaenda kumchana nywele."

"Nilidhani itasaidia."

"Ikasaidia?"

"Hapana."

Milo alivua kitambaa shingoni. "Sheria ya mkoa huu haina jela kwa mtu aliyenyamaza. Sina pa kukushika. Lakini inayo kwa mwenye ufunguo, na mwenye ufunguo anasema hakuambiwa na mtu."

"Watu wote wa ukumbini walinisikia!"

"Niliwauliza jana. Walinzi hawataki kukutaja wewe, na wakongwe hawataki kukumbuka kwamba walikushangilia. Hakuna aliyesikia chochote. Darrel anakwenda gerezani kwa sababu kila mmoja ana haya."

Renata alichukua koti lake kwenye msumari, na Milo akamfuata ngazini, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na mwingine bado.

Hauck alikuwa mlangoni mwa kituo, amevaa tai kwa ajili ya mgeni wake.

"Mungu wangu, nywele zako zimepatwa na nini?"

"Sherifu, nitatoa maelezo yangu kwa mwendesha mashtaka. Habari za barabara ya kaskazini."

Uso wa Hauck ulikaza. "Habari gani? Nilikwambia ukaitazame barabara. Kuifunga uliamua mwenyewe."

"Basi nitasema niliamua mwenyewe. Lakini nitasema."

"Kwa faida ya nani? Ya hawa?" Alimtupia Renata jicho.

"Ya Darrel," Milo alisema, akapita.

Kule mahabusu walimkuta Darrel vilevile, kana kwamba hakuna aliyepita tangu asubuhi. Alipomwona Renata alisimama kwa heshima.

"Mwenyekiti."

"Usiniite hivyo. Darrel, waambie. Uliniuliza kama ufungue, nikasema usifungue. Nilijua kwamba si gari letu. Mimi nilijua, wewe hukujua. Sema hivyo utoke humu."

Darrel alitikisa kichwa. "Sikukuuliza kitu."

"Darrel!"

"Tukisema hivyo, ushindi wetu unafutwa. Wanarudi walewale."

"Uache ufutwe! Unadhani nitakikaliaje kile kiti?"

"Siyo hilo tu, dada." Alizishika nondo, akaziachia. "Unadhani unanitoa kwa kuwa sikujua. Na mimi nilijua."

Milo alisogea. "Ulijua nini?"

"Baada ya dada Renata kukataa, makelele yakatulia, wakaanza hesabu ya pili. Nikaegemea mlango. Nikamsikia. Hakuwa anabisha tena. Alikuwa anaita." Alimeza mate. "Alikuwa anasema, 'Ardis. Ardis, ni mimi.' Siyo kwa kelele. Vile mtu anavyomwita mkewe akiwa chumba cha pili."

Renata alitafuta ukuta kwa mkono.

"Na Ardis alikuwa hapohapo," Darrel aliendelea, "umbali wa mkono tu. Hakusikia. Alikuwa amevitoa vifaa vyake vya masikioni vya kusaidia kusikia, niliviona kwenye kisosi kando ya birika. Ufunguo nilikuwa nimeshauingiza. Nikakutazama wewe, dada, ukatikisa kichwa tena. Nikajiambia ni upepo. Nilijiambia ni upepo mpaka sauti ikaisha." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nilitaka kushinda, Milo. Mara moja tu katika maisha yangu nilitaka kushinda kitu. Kwa hiyo mnifunge. Lakini yule mama asiambiwe kwamba aliitwa. Nawaomba. Hilo peke yake."

Milo alitoka hadi kwenye korido kuvuta pumzi, na Ardis Thoreson alikuwa ameketi pale kwenye benchi, koti limefungwa vifungo vyote, mkoba magotini. Mlango wa mahabusu ulikuwa mzito, na sauti haikupita. Renata alitoka nyuma ya Milo, akamwona, akasimama kama aliyepigwa msumari.

"Nimekuja kuonana na mwendesha mashtaka," Ardis alisema. "Wanasema yuko kwa Sherifu Gaylen tayari. Nataka Darrel aachiwe. Mimi ni mjane, neno langu litakuwa na uzito, au siyo?"

"Litakuwa nao, mama."

"Ila kwanza nijibu kitu kimoja, kisha naingia. Alisema chochote? Orville. Kuna mtu alimsikia akisema chochote?"

Milo alijua kwamba akisema ukweli, huenda mama huyu atainuka arudi nyumbani, na Darrel atakwenda jela. Na alijua kwamba hata bila kumfikiria Darrel, asingekuwa na ujasiri wa kumwambia.

"Hapana, mama. Kulikuwa na upepo tu."

Ardis alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia nywele zake nusu mpaka macho ambayo hayakutulia.

"Milo Brandvold. Mume wangu hakuwahi kufika kwenye mlango wowote, hata wa banda la kuku, bila kuniita jina. Ndoa nzima. Nilikuwa namwambia, Orville, shika kitasa, mlango hauli mtu." Mkono wake ulikaza kwenye mkoba. "Nani alimsikia?"

Milo hakujibu, lakini jicho lilimponyoka likaelekea mlango wa mahabusu, na Ardis alilifuata. Alikaa vile akiutazama ule mlango, na uso wake ukabadilika mara mbili tatu, na Milo akaona wazi kabisa ile hasira ikija, hasira ya haki, ya mtu aliyenyang'anywa.

Kisha ikapita. Mama aliinuka polepole, akishika ukuta.

"Gaylen yuko chumba gani?"

"Cha mwisho, mama. Lakini si lazima sasa hivi. Kaa kwanza."

"Darrel alikuwa na sikio moja mlangoni na jingine kwa wakubwa wake. Mimi wa kumsikiliza nilikuwa na mume wangu peke yake." Alimgeukia Renata, bila chuki, kama mtu anayemweleza mwenzake alipoweka kitu. "Ulipopanda jukwaani kuhutubia, nilivitoa vifaa vyangu vya masikio. Hakuna aliyeniambia nivitoe. Sikutaka tu kuisikia sauti yako."

Akaenda chumba cha mwisho, akabisha hodi.